Kutoka Hitima hadi Mtihani wa Serikali: Vipimo vya Kufaulu Shuleni katika Maniema

Katika mji wa Kindu, kama katika miji yote ya Kongo, mzazi mwenye mtoto katika mwaka wa mwisho wa sekondari huwa na jambo moja moyoni: Mtihani wa Serikali. Mtihani huo, ambao kwa Kifaransa huitwa Examen d'État na ambao wanafunzi wameufupisha kuwa Exetat, uliwekwa mwaka 1967. Umri wake umepita nusu karne, na wengi wa wakazi wa Kindu hawakuiona shule isiyokuwa nao. Hata hivyo, katika historia ya elimu ya Maniema mtihani huo ni mgeni wa karibuni. Kabla yake vilikuwapo vipimo vingine, na kila kipimo kilikuwa na mwenyewe: mwalimu wa chuo, padri, mkuu wa kampuni, mtawala wa kikoloni. Makala haya yanavichunguza vipimo hivyo kwa mfuatano wake, ili kuona kila kimoja kilimwandaa mtoto kwa kazi gani, na ni nani aliyeachwa nje ya mizani.

Shule ya kwanza ya maandishi katika nchi hii ilikuwa chuo cha Kurani. Ilifika pamoja na wafanyabiashara wa pwani na Unguja ambao, katika nusu ya pili ya karne ya 19, walijenga makao Nyangwe na Kasongo. Inafaa hapa kuyatazama maneno yenyewe, kwani yamehifadhi historia ambayo wasemaji wameisahau. Neno "chuo" lilikuwa na maana ya kitabu kabla ya kuwa na maana ya mahali pa kusomea. Leo limo katika "chuo kikuu" bila mtu kukumbuka ubao wa mtoto wa Kasongo. Vivyo hivyo "kuhitimu", ambalo katika Kiswahili cha Tanzania ni neno la kawaida la kumaliza masomo ya aina yoyote, asili yake ni kukamilisha usomaji wa Kurani. Aliyehitimu alikuwa amekisoma kitabu chote, toka mwanzo hadi mwisho, mbele ya mwalimu wake.

Kipimo hiki kina sifa mbili ambazo hazikuonekana tena baadaye. Kwanza, hakikuwa na tarehe. Mtoto mmoja alihitimu akiwa mdogo, mwenzake akiwa amekwisha kubaleghe, na hitima yao ilikuwa ile ile. Pili, hakikuwa na alama ya kushindwa. Mtoto ambaye hajamaliza aliambiwa "bado", naye akarudi kesho. Isidhaniwe, hata hivyo, kwamba chuo kilikuwa bustani ya peponi. Fimbo ilikuwapo, na kukariri bila kufahamu maana kulikuwapo. Ila kilimwandaa kijana kwa kazi zilizojulikana katika jamii ile: kuandika barua na hesabu za biashara kwa hati za Kiarabu, kuongoza sala, na baadaye kufundisha wengine.

Mwaka 1893 majeshi ya Dola Huru ya Kongo yaliiteka Nyangwe, kisha Kasongo. Utawala wa Waungwana, ambao jina lao limebaki katika neno "Kingwana", ukavunjika. Mwaka 1906 Dola hiyo ilifanya mapatano na Vatikani: misheni za Kikatoliki zitapewa ardhi, nazo zitafungua shule. Ubelgiji, iliyochukua koloni mwaka 1908, iliendeleza njia hiyo hiyo, na katika miaka ya 1920 ikaweka utaratibu wa ruzuku kwa shule za misheni za "kitaifa", yaani, kwa sehemu kubwa, misheni za Wakatoliki wa Kibelgiji. Shule za Waprotestanti zilikaa nje ya ruzuku hadi baada ya Vita Kuu ya Pili. Chuo cha Kurani hakikuhesabiwa kabisa kuwa shule. Machoni pa serikali kilikuwa jambo la kuchungwa na polisi.

Athari za uamuzi huo katika Maniema zilikuwa nzito kuliko pengine popote nchini, kwa kuwa hapa ndipo Waislamu walipokuwa wengi. Mzazi Mwislamu alikuwa na njia mbili. Angempeleka mwanawe kwa mapadri, ambako kumaliza darasa na kubatizwa vilikwenda pamoja, au angembakiza chuoni, ambako angehitimu bila cheti chochote kinachotambuliwa na ofisi. Wengi walichagua njia ya pili. Hivyo, eneo ambalo watu wake walikuwa wakisoma na kuandika kabla ya Mbelgiji kufika liliingia katika vitabu vya koloni kama eneo la "wasiosoma". Huu ni mfano wa wazi kwamba kipimo hakionyeshi tu nani anajua. Huamua pia ni ujuzi upi utakaoitwa ujuzi.

Kindu yenyewe ni mji wa aina nyingine. Ulikua kutokana na reli na mto. Kampuni ya reli ya Maziwa Makuu ilijenga njia kutoka Kindu hadi Kongolo ili kuukwepa mkondo usiopitika wa Lualaba, na njia hiyo ikafunguliwa mwanzoni mwa miaka ya 1910. Bandari ikaitwa Port-Empain, kwa jina la tajiri aliyeigharimia. Mji kama huo ulihitaji makarani, wapima mizigo, mafundi na wapiga simu. Kwa ajili hiyo shule ya kikoloni iliwekwa katika ngazi: daraja la kwanza la miaka miwili kwa watu wote, daraja la pili la miaka mitatu kwa wachache, na juu yake shule maalumu za makarani, walimu na mafundi. Kufaulu kulikuwa na maana moja, nayo ni kupata kazi chini ya Mzungu. Madarasa ya mwanzo yalifundishwa kwa Kiswahili. Kifaransa kiliwekwa kwenye mlango wa juu, na asiyekuwa nacho alibaki nje.

Mageuzi ya 1948 yalileta sekondari kamili ya miaka sita, jambo ambalo waandishi wengi wamelisifu. Sifa hiyo yastahili kupunguzwa. Mpango uleule uliligawa daraja la pili la shule ya msingi katika matawi mawili: la kawaida, kwa wale watakaorudi kijijini, na la waliochaguliwa, kwa wale watakaoendelea. Mchujo ulifanywa baada ya miaka miwili tu ya kusoma. Mtoto ambaye hajatimiza miaka kumi aliamuliwa kama atakuwa mkulima au karani, na hapakuwa na mahali pa kukata rufaa. Wasichana, kwa jumla, hawakufikishwa hata kwenye mchujo huo. Shule zao zilifundisha ushonaji, mapishi na usafi wa nyumba. Thomas Kanza, Mkongo wa kwanza asiye padri kupata shahada ya chuo kikuu, aliipata Louvain mwaka 1956. Dada yake Sophie, mwanamke wa kwanza, ilimbidi angoje hadi 1964.

Maisha ya Patrice Lumumba yanaonyesha vizuri jinsi mizani ya wakati ule ilivyofanya kazi. Alizaliwa Onalua, Sankuru, akasoma kwa Wakatoliki na kwa Wamethodisti, wala hakumaliza sekondari. Mnamo 1943 alifika Maniema, akaajiriwa na kampuni ya bati ya Symétain huko Kalima, kisha akaendelea hadi Stanleyville. Cheti alichokipata baadaye kilikuwa cha shule ya posta ya Léopoldville. Kwa hesabu ya shule huyu alikuwa mtu wa daraja la kati. Lakini serikali ilikuwa na kipimo kingine kwa watu kama yeye: kadi ya sifa za uraia, iliyowekwa 1948, na usajili wa "waliostaarabika", uliowekwa 1952. Ili kuupata, mwombaji alichunguzwa lugha yake, nyumba yake na mwenendo wa familia yake. Lumumba aliupata mwaka 1954, baada ya kukataliwa kwanza. Kwa maneno mengine, mtihani wa juu kabisa ambao Mkongo angeweza kuufanya katika koloni haukufanyiwa darasani. Ulifanyiwa sebuleni kwake.

Uhuru ulipofika Juni 1960, Lovanium ilikuwa na miaka sita tu tangu kufunguliwa, na chuo kikuu cha Elisabethville miaka minne. Idadi ya wenye shahada inayotajwa mara nyingi ni 16, bila kuhesabu mapadri. Sekondari zikaongezeka mbiombio. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 uliwekwa mzunguko wa mwelekeo, yaani miaka miwili ya kwanza ya sekondari iliyokusudiwa kumsaidia mwanafunzi kuchagua tawi lake. Lakini walimu walikuwa wachache, uasi wa 1964 ulifunga shule nyingi za mashariki, Kindu ikiwemo, na cheti cha shule moja hakikuwa na uzito sawa na cha nyingine. Mtihani wa 1967 ulikusudiwa kuikata fundo hiyo: maswali mamoja, siku zilezile, kwa nchi nzima.

Utaratibu wake umebadilika mara kadhaa, ila mifupa yake ni ileile. Mwanafunzi huandika insha na kufanya majaribio ya mdomo na ya vitendo kabla. Kisha hufuata siku nne za maswali ya kuchagua jibu, zikigawanywa baina ya maarifa ya jumla, sayansi, lugha na masomo ya tawi lake. Karatasi husahihishwa kwa namba ya siri, mbali na shule. Mpaka ni asilimia 50. Anayeuvuka hupata Diploma ya Serikali, na bila diploma hiyo mlango wa chuo kikuu haufunguki. Kwa mtoto wa Kindu hilo lilikuwa jambo jipya kabisa: kwa mara ya kwanza aliyempima hakujua dini yake, kabila lake wala jina la baba yake. Wanaoulaumu mtihani huu, nao wana haki ya kuulaumu katika mengi, wasisahau kwamba kabla yake kipimo kisichouliza "wewe ni wa nani" hakikuwapo. Aidha, makubaliano ya 1977 baina ya serikali na makanisa, ambayo baadaye yaliingiza pia jumuiya ya Waislamu, yaliwapa shule za Kiislamu za Maniema nafasi ya kupeleka watahiniwa wao kama shule nyingine zote. Mjukuu wa aliyehitimu chuoni bila cheti aliweza sasa kuwa na cheti bila kubatizwa.

Diploma hiyo iligeuka upesi kuwa jina la mtu. Katika orodha za mishahara ya walimu Mkongo huandikwa kwa herufi na namba: D4 kwa miaka minne ya sekondari, D6 kwa aliye na Diploma ya Serikali, G3 kwa mwenye graduat, L2 kwa mwenye licence. Wakuu wa shule husema "nina D6 watatu na G3 mmoja", na kila msikilizaji huelewa. Hata neno "finaliste", ambalo kwa haki lingemhusu mwanafunzi wa mwaka wa mwisho tu, humshika miaka mingi kijana aliyeanguka mtihani: husemwa kuwa ni finaliste, yaani alifika mlangoni.

Tatizo kubwa limo katika swali la pili, la kazi. Matawi yanayopatikana katika sekondari za Maniema hayakuwekwa kwa kuitazama Maniema. Ualimu na biashara havihitaji zaidi ya mwalimu, ubao na chaki, na kwa sababu hiyo vimeenea. Maabara na karakana ni ghali, na kwa sababu hiyo ni adimu. Matokeo yake ni kwamba mkoa wa reli, mto na migodi umekuwa ukitoa kwa wingi walimu na makarani. Wakati SOMINKI, kampuni iliyoundwa 1976 kwa kuunganisha makampuni ya migodi ya Kivu na Maniema, ilipoanza kudhoofika na hatimaye kuvunjwa mwaka 1997, na treni zilipopungua, hata nafasi za ukarani zilitoweka. Kilichobaki kwa mwenye diploma ni kufundisha, na kumwandaa mwingine apate diploma.

Kisha ikaja bei. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 1990, serikali iliposhindwa kuwalipa walimu, wazazi waliubeba mshahara wao kwa michango. Vita vya 1998 hadi 2003 viliikata Kindu na sehemu nyingine za nchi. Mto ulifungwa, reli ilisimama, na mji ukazingirwa. Asilimia 50 ya kijana aliyesoma chini ya milio ya risasi iliandikwa sawasawa na asilimia 50 ya kijana wa Kinshasa. Hapo ndipo usawa wa mtihani unapogeuka kuwa upofu. Shule nazo, zikijua kwamba husifiwa kwa idadi ya waliofaulu, zilijifunza kuuhudumia mtihani kuliko kufundisha: kuwazuia wanyonge wasijiandikishe, kununua fununu za maswali, kukesha na orodha za majibu. Si ajabu, basi, kwamba vitivo vingine vya vyuo vikuu vimeweka mitihani yao wenyewe ya kuingia, jambo ambalo ni sawa na kukiri kwamba diploma haitoshi tena kuwaambia nani yuko tayari.

Sheria ya elimu ya Februari 2014 iliweka elimu ya msingi ya miaka minane, na Septemba 2019 ada za shule za msingi za umma zilifutwa. Mwishoni mwa mwaka wa nane umewekwa mtihani wa taifa wa kuchuja na kuelekeza wanafunzi, unaojulikana kama TENASOSP, ambao kusudi lake ni kumwonyesha kila mtoto tawi linalomfaa. Mwenye kuikumbuka 1948 atautazama kwa makini zaidi kuliko wengine. Mtihani unaweza kumwambia mtoto wa Kindu, au wa Kibombo, au wa Punia, kwamba akili yake inaelekea ufundi wa umeme au kilimo. Kutoka hapo mtoto huyo ataingia katika sekondari iliyo karibu na kwao, na katika sekondari iliyo karibu na kwao, mara nyingi, kuna tawi la ualimu.