Upandaji wa Mlima Kilimanjaro

Upandaji wa Mlima Kilimanjaro ndiyo shughuli kuu ya utalii katika Hifadhi ya Taifa ya Kilimanjaro, kaskazini mwa Tanzania. Kilele chake, Uhuru, kina urefu wa mita 5,895. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller, wapandaji milima kutoka Ulaya, ndio wanaotajwa kuwa wa kwanza kukifikia, Oktoba 1889. Vitabu vingi huwataja wao wawili tu, ingawa safari yao ilibebwa na wapagazi na waongozaji wa Kiafrika, na Wachaga wa Marangu humkumbuka Yohani Kinyala Lauwo miongoni mwao.

Hifadhi ilianzishwa mwaka 1973, ikafunguliwa kwa wageni 1977, na 1987 ikaingizwa katika Urithi wa Dunia. Inasimamiwa na TANAPA, shirika la hifadhi za taifa za Tanzania. Njia ya Marangu ina vibanda vya kulala: Mandara, Horombo na Kibo. Machame, Lemosho na Rongai ni za mahema.

Hakuna anayeruhusiwa kupanda bila mwongozaji mwenye leseni. Mzigo wa mpagazi una kikomo cha kilo 20 na hupimwa kwa mizani getini. Kanuni hii ni ya haki, maana bila mgongo wa mpagazi hakuna mgeni anayefika kileleni. Takataka hurudishwa chini. Hatari kubwa ni ugonjwa wa mwinuko: kichwa kuuma, kichefuchefu, kisha maji kujaa mapafuni au kwenye ubongo. Ndiyo maana waongozaji husisitiza “polepole”, na aliyezidiwa huteremshwa mara moja.