Kuchora Nako ni Kazi

Wazazi wengi wa Likasi, mji ulioitwa Jadotville hata 1966, humtaka kijana asomee madini. Akitaja uchoraji, husema amepotea. Na wakumbuke mwaka 1943: huko Gombe-Matadi Bruda Marc-Stanislas alifungua shule ya Mtakatifu Luka, akafundisha vijana uchongaji. Mwaka 1949 shule ilihamia Léopoldville, na 1957 ikawa Akademia ya Sanaa. Katanga nako, mwaka 1946, Pierre Romain-Desfossés alifungua karakana mjini Elisabethville. Humo Pilipili Mulongoy alichora ndege na samaki pasipo kuiga picha za Ulaya. Leo Akademia ya Kinshasa hutoa shahada. Basi, mzazi, tazama kwanza mkono wa mwanao na bidii yake. Mtumwa aliyeifukia talanta hakusifiwa.