Mkubwa wa Polisi Anaporudi Shamba

Anko yangu alivaa sare ya polisi miaka mingi. Sasa ana ng'ombe wawili na migomba karibu na Nkubu, na nikipanda matatu ya Embu kwenda Meru huwa nashuka kwake. Safari moja nilibeba laptopu. Nilitaka tutazame filamu ya Kijapani kuhusu polisi aliyestaafu kama yeye.

Ilibidi kwanza nimpe historia. Januari 1997, Fuji TV ilianza kuonyesha Odoru Daisosasen, vipindi 11 tu. Aoshima, aliyeigizwa na Yuji Oda, alikuwa akiuza kompyuta kabla ya kuingia polisi. Anapelekwa kituo cha Wangan, mtaa wa Odaiba huko Tokyo, mahali palipokuwa na nafasi nyingi ambazo hazijajengwa. Polisi wa kwingine wanakicheka: kituo cha kiwanja kitupu! Aoshima anadhani atafukuza majambazi. Anakuta ofisi. Fomu, vibali, na wakubwa watatu wanaohangaikia gharama na jinsi ya kuwakaribisha wageni wa makao makuu. Kesi kubwa ikitokea, wageni hao wanaichukua, na polisi wa kituo wanageuzwa madereva.

Anko alicheka mpaka akakohoa. "Hiyo si Japani bana. Hiyo ni stesheni yangu."

Filamu ya kwanza ilitoka 1998. Ya pili, 2003, ilikusanya yeni bilioni 17.35, na kwa zaidi ya miaka 20, hadi 2025, hakukuwa na filamu nyingine ya Kijapani yenye waigizaji halisi, yaani si katuni, iliyoifikia. Pesa kama hiyo huzaa matawi. Mwaka 2005 wahusika wa pembeni wakapewa filamu zao: Mashita, mpatanishi anayehangaika na treni iliyotekwa chini ya Tokyo, na Muroi, mkubwa wa makao makuu asiyecheka, ambaye safari hii anakamatwa yeye mwenyewe. Ya Mashita ni ya kusisimua tu. Ya Muroi ndiyo ilinikaa.

Sisi tulikuwa na Inspekta Mwala wa Citizen TV, Davis Mwabili na vituko vyake. Nyumbani tulimcheka hadi machozi, kisha runinga ikazimwa tukaenda kulala. Sikuwahi kujiuliza Mwala akistaafu atarudi kijiji gani, na majirani watampokea vipi.

Wajapani walijiuliza. Mwaka 2024 walitoa filamu mbili mfululizo, Oktoba na Novemba, na hakuna tena vichekesho vingi. Muroi, bado Toshiro Yanagiba, ameacha kazi. Alikuwa amemwahidi Aoshima kwamba atapanda cheo ili abadilishe polisi kutoka juu. Ameshindwa. Amerudi Akita, mashambani, analea watoto: mmoja mama yake aliuawa, mwingine baba yake ni mhalifu. Kisha anatokea msichana, binti wa mhalifu wa filamu ile ya 1998.

Hapo Anko aliniambia nisimamishe.

Kianjokoma iko upande wa mlima, mbali kidogo na barabara niliyojia. Agosti 2021 ndugu wawili walikamatwa huko usiku, wakati wa kafyu, na miili yao ikapatikana mochari ya Embu. Polisi 6 walishtakiwa kwa mauaji, wakakana. Watu waliandamana. Anko alikuwa ameshastaafu, lakini kwa wiki kadhaa hakwenda sokoni.

"Huyo Muroi," akauliza, "wanakijiji wanajua alikuwa polisi?"

"Wanajua. Wengine hawamtaki."

Akanyamaza. Nje ng'ombe walikuwa wanalia, saa ya kukama ilikuwa imefika. Alichukua ndoo, akafika mlangoni, akageuka.

"Usizime. Nataka kuona kama watamsalimia."