Benchi la Mbare

Mwezi wa Mei, mwaka 2005, serikali ya Zimbabwe ilianza kubomoa nyumba na vibanda vya maskini wa mijini. Kwa makadirio ya Umoja wa Mataifa, watu wapatao 700,000 walipoteza makao, riziki, au vyote viwili. Nyumba iliyobomoka huonekana. Moyo uliobomoka hauonekani, na madaktari wa akili nchini walikuwa wachache mno.

Mwaka 2006 Daktari Dixon Chibanda alianza kazi Mbare, mtaa wa Harare, pasipo kupewa chumba. Alichopata ni wanawake wazee 14, watumishi wa afya ya jamii, na mahali pa kuketi nje. Benchi lile aliliita la afya ya akili. Watu wakalikwepa, kwani nani apendaye kudhaniwa mwenda wazimu? Wale bibi wakashauri liitwe la urafiki. Tena hawakuridhia lugha ya vitabuni. Mshona aliyeelemewa na huzuni aghalabu hutaja kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi. Basi tiba nayo ikapewa majina ya nyumbani: kwanza kuvhura pfungwa, kufungua fikira, kisha kusimudzira, kuinua, mwisho kusimbisa, kutia nguvu.

Utafiti uliotangazwa mwaka 2016 ulionyesha kuwa walioketi na bibi katika zahanati za Harare walipata nafuu kuliko waliopewa huduma ya kawaida. Elimu ya daktari haikupungua kwa kupita vinywani mwa wazee; ilifika mahali ambapo peke yake isingalifika.