Saa Sita Mjini Naples

Mwaka 1974 mjini Naples, Italia, msanii kutoka Yugoslavia, Marina Abramović, alisimama kimya katika chumba cha maonyesho. Mezani aliweka vitu 72: waridi, unyoya, asali, mkasi, nyembe, hata bastola na risasi. Tangazo lake lilieleza kwamba yeye ni kitu, na kwa saa sita watazamaji wamfanyie wapendavyo. Lawama zote angezibeba yeye.

Mwanzoni watu waliona haya. Saa zilivyosonga, nguo zake zilikatwa, ngozi yake ikachanjwa, na mtu akamwelekezea bastola iliyotiwa risasi. Ukazuka ugomvi kati ya waliotaka kuendelea na waliotaka kumlinda. Muda ulipokwisha, Marina akaanza kutembea kuwaelekea. Wakakimbia.

Mimi huwafikiria zaidi wale waliosimama tu, wasikate wala wasizuie. Mitaani kwetu nako, ikipigwa kelele ya "mwizi!", duara hujaa upesi. Niliwahi kusimama kwenye duara kama hilo, kalamu mfukoni, nikajiambia kwamba kazi ya mwandishi ni kutazama. Kijana yule alipigwa mbele yangu. Leo nakiri kwamba ule ulikuwa woga niliouvika joho la kazi.

Marina alilipa kwa damu yake kutuonyesha kwamba mwenye kutazama naye ni mshiriki. Ukilikuta duara hilo kesho, ndugu yangu, jua kwamba tayari umo ndani yake.