Ngozi Badala ya Kioo: Mwili wa Binadamu Unavyotumika Kuongoza Kompyuta za Kuvaliwa

Kompyuta za kuvaliwa ni vifaa vya kielektroniki ambavyo mtumiaji huwa navyo mwilini, zikiwemo saa janja, miwani janja na mikanda ya mkononi. Kadiri vifaa hivyo vinavyopungua ukubwa, ndivyo vioo vyake vinavyozidi kuwa finyu kwa kidole cha mtu mzima. Hali hiyo imewafanya watafiti kutafuta mahali pengine pa kupokelea maelekezo ya mtumiaji, na mojawapo ya majibu waliyoyapata ni ngozi yake mwenyewe.

Ngozi ina sifa mbili zinazoifaa kazi hiyo. Kwanza, eneo lake ni kubwa, kwani ngozi ya mtu mzima hukadiriwa kuwa kati ya mita za mraba 1.5 na 2. Pili, ubongo hutambua kila kiungo kilipo bila msaada wa macho. Ndiyo maana mtu aliyefumba macho huweza kugusa ncha ya pua yake au kidole gumba bila kukosea.

Mwaka 2010, Chris Harrison wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon nchini Marekani, akishirikiana na Desney Tan na Dan Morris wa Microsoft Research, aliwasilisha mfumo uitwao Skinput. Mtumiaji huvaa mkanda wenye vihisio mkononi, kisha hugonga kiganja, vidole au sehemu nyingine ya mkono huo. Mgongo huo mdogo huzalisha mtetemo unaosafiri juu ya ngozi na kupitia mifupa. Kwa kuwa sehemu za mkono hutofautiana kwa unene wa nyama, umbo la mifupa na umbali kutoka kwenye mkanda, kila sehemu hutoa mtetemo wake. Programu hufunzwa kutambua tofauti hizo, na projekta ndogo huweza kuonyesha vitufe juu ya ngozi.

Katika majaribio yaliyohusisha washiriki 13, mfumo huo ulikuwa na wastani wa usahihi wa asilimia 87.6. Maana yake ni kwamba takribani mgongo mmoja kati ya minane ulitafsiriwa isivyo. Aidha, usahihi ulipungua kwa washiriki wenye uzito mkubwa kulingana na kimo chao, jambo linaloonyesha kuwa teknolojia inayotegemea mwili haiwahudumii watu wote kwa kiwango kimoja.

Mwaka 2016, watafiti wa chuo hichohicho waliwasilisha SkinTrack. Mfumo huu hutumia pete inayotoa mawimbi dhaifu ya umeme na mkanda wa mkononi unaoyapokea baada ya kupita kwenye ngozi. Kwa kulinganisha namna mawimbi yanavyofika katika vihisio vya mkanda, kompyuta hufuatilia kidole kinavyotembea juu ya ngozi.

Teknolojia hizi sasa zinatoka maabara na kuingia sokoni. Mwaka 2024, kampuni ya Humane ya Marekani ilianza kuwafikishia wanunuzi kifaa cha kubandikwa kwenye nguo kilichoonyesha maandishi juu ya kiganja kwa mwanga wa leza. Huduma zake zilisitishwa Februari 28, 2025, na wanunuzi wakabaki na vifaa visivyoweza kufanya kazi zake kuu. Septemba 2025, kampuni ya Meta ilitangaza miwani inayoongozwa kwa mkanda unaosoma ishara za umeme za misuli ya mkono.

Pamoja na manufaa yake, teknolojia hii inagusa faragha. Ishara za mwili hutofautiana kati ya mtu na mtu, hivyo zinaweza kueleza mengi kuliko amri aliyokusudia mtumiaji. Nchini Tanzania, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inaziweka taarifa za kibayometria katika kundi la taarifa nyeti, ambazo kwa kawaida huchakatwa baada ya mhusika kutoa ridhaa ya maandishi.

Kwa msingi huo, mwananchi anayekusudia kununua kifaa cha aina hii anapaswa kujua mambo matatu: ni ishara gani za mwili zinazokusanywa, zinahifadhiwa ndani ya kifaa au zinatumwa kwa kampuni, na kifaa kitaendelea kufanya kazi au la endapo huduma za kampuni hiyo zitasitishwa. Nywila iliyovuja hubadilishwa kwa dakika chache, lakini mwili haubadilishwi.