Habari za Kunyosha Mwili

Wasikilizaji wangu, mtu ashukaye kutoka Moshi mjini kwenda Chekereni, wakati wa kupandikiza mpunga, huona jambo asilolisahau upesi. Wapandaji wamesimama majini kwa mstari, migongo imeinama, mkono mmoja umeshika miche na mwingine watia mche topeni, nao huenda kinyumenyume. Baada ya kitambo mmoja wao huinuka, akaweka mikono kiunoni, akajipinda nyuma, akautazama mlima wa Kibo kana kwamba hajapata kuuona, kisha akainama tena. Hakuna mwalimu aliyemfundisha kujipinda vile. Mgongo wenyewe ndio ulioomba.

Jioni hii nataka kuwapa habari za jinsi jambo hilo dogo, yaani kujinyosha, lilivyofanywa kuwa somo, likaandikwa vitabuni, likatiwa mashuleni na majeshini, na mwishowe likapita katika redio.

Alikuwako mtu wa Uswidi, jina lake Per Henrik Ling, aliyezaliwa mwaka 1776. Kazi yake ilikuwa kufundisha mchezo wa upanga, na yasimuliwa kwamba mkono wake uliokuwa ukimwuma ulipata nafuu kwa mchezo huo huo. Basi akaanza kufikiri: ikiwa zoezi laweza kuuponya mkono mmoja, kwa nini lisiutengeneze mwili mzima? Akajifunza jinsi mifupa na misuli ilivyoungana, na mwaka 1813 chuo chake kikafunguliwa mjini Stockholm. Ling hakutafuta mabingwa wa kuinua mawe. Alitaka kila kiungo kipate zamu yake, shingo, mabega, mgongo, nyonga na miguu, na kila tendo liwe na mwanzo wake, kadiri yake na mwisho wake. Alifariki mwaka 1839, lakini chuo kiliendelea kutoa walimu waliokwenda nchi nyingi. Mmoja wao, Bibi Martina Bergman, aliajiriwa London mwaka 1881 kusimamia mazoezi ya wasichana katika shule za mji ule.

Waingereza wenyewe hawakulishika jambo hili kwa nguvu mpaka walipotiwa hofu. Katika vita vya Makaburu, vya mwaka 1899 hata 1902, vijana wengi waliojitolea kuwa askari walikataliwa kwa sababu ya udhaifu wa miili yao. Mwaka 1904 kamati ya serikali ilitoa taarifa juu ya udhaifu huo, na mwaka 1909 kikatolewa kitabu cha mazoezi kwa shule zote za serikali, kilichofuata njia ya Kiswidi. Hapo mwaona kwamba serikali haikuanza kwa kuihurumia migongo ya watoto. Ilianza kwa kuhesabu askari.

Huku kwetu Afrika ya Mashariki somo hilo lilifika likiwa limekwisha kuvaa sare. Watu wa zamani waliliita kwata, jina lile lile la mazoezi ya askari. Watoto walipangwa mistari uwanjani, kifua mbele, macho mbele, magoti yamekazwa kama nguzo, na aliyetikisika alikaripiwa. Wako waliopata faida, sikatai. Lakini mimi naona kwamba hapo ndipo kusudi la Ling lilipopotea njiani, maana kukakamaa si kunyoka. Mti mkavu umenyoka sana, nao huvunjika kwa upepo wa kwanza. Watu wa pwani waliitambua tofauti hiyo mapema kuliko wakubwa wao. Tangu miaka ya 1890 walikuwa na ngoma ya beni, wakaichukua mistari ya kwata, amri na vyeo vyake, wakavitia tarumbeta na mwendo wa kiuno, na baada ya vita vya 1914 hata 1918 ngoma hiyo ilikuwa imeenea mpaka bara. Kwata ikawa mchezo, na mwili ukapata kulegea.

Sasa nije kwenye redio. Mwaka 1925, huko New York, kampuni moja kubwa ya bima ya maisha ilianza kutangaza mazoezi kila asubuhi. Sababu yake yafahamika: mteja aishiye sana hulipa ada miaka mingi. Wajapani walisikia habari hiyo, na idara yao ya posta, ambayo nayo iliuza bima, ikaanzisha mazoezi ya redio mwaka 1928. Watu wakakusanyika viwanjani, wazee kwa watoto, wakifuata sauti moja. Lakini miaka ya vita ilipofika, mazoezi hayo nayo yalivutwa upande wa jeshi, hata baada ya Japani kushindwa yalitazamwa kwa mashaka, yakakoma mwaka 1947. Yalirudi mwaka 1951 kwa namna mpya. Ni matendo 13, hayazidi dakika tatu au nne, yakifuata kinanda: kuinua mikono juu, kuzungusha mabega, kuinama ubavuni, kuinama mbele na kujipinda nyuma, kuzungusha kiwiliwili, kurukaruka.

Nimewaleta Japani kwa makusudi, kwa kuwa Chekereni na Japani si wageni. Mifereji iletayo maji ya mito ya Rau na Njoro katika mashamba yale ilijengwa kwa msaada wa Wajapani, ikakamilika mwaka 1987, kwa eneo la hekta 2,300 hivi, na katika hizo 1,100 hivi zilikusudiwa mpunga. Mwaka 1994 kikaanzishwa hapo chuo cha kufundisha kilimo. Wageni wajapo huonyeshwa malango ya maji na majaruba yaliyosawazishwa. Mgongo wa mpandaji hauonyeshwi, ingawa bila huo hakuna mche usimamao katika mstari.

Nini basi kimpatacho mgongo huo? Mtu akiinama kwa saa nyingi, misuli ya nyuma huvutwa bila kupumzika, na vile visahani laini vilivyo kati ya pingili za uti wa mgongo hubanwa upande wa mbele. Waganga wa siku hizi hawasemi tena, kama vitabu vya kale, kwamba liko umbo moja tu la kusimama lililo sawa. Wasema ubaya ni kukaa katika umbo moja muda mrefu. Kwa hiyo yule mpandaji ainukaye kila mara hafanyi uvivu, na msimamizi amkaripiaye hajui alisemalo. Afadhali kujinyosha kidogo mara nyingi kuliko kungoja jua lizame. Na ajipindapo nyuma, azungushe pia mabega, ageuze kiwiliwili kulia na kushoto, akunje na kunyosha magoti, taratibu, bila kujikaza mpaka kuumia. Lakini aliye na maumivu yashukayo mguuni, au ganzi, asijipinde; aende hospitali kwanza.

Tendo la mwisho katika yale 13 ya Wajapani ni kuvuta pumzi tu, mikono ikipanda na kushuka polepole, na kinanda kikinyamaza.